Shosh Hauzwi, Pelekeni Ploti Yenu Joska

Wacha tuanze na sindano.

Ile ndogo ya temperature, kwa dashboard, kando ya petrol. Wasee wa ndai za juzi hawaichekingi. Wengine hata hawana, wako na kataa tu ka kuwaka mambo yakishaharibika. Mimi naicheki kuliko simu. Ikitulia katikati, maisha iko fiti. Weka ngoma, shusha dirisha, toa kiwiko nje. Ikianza kupanda, zima ngoma. Nyamazeni wote. Mwenye anakula crisps awache. Sasa tunaskiza.

June 2023, Sunday jioni, tunatoka Vasha. Safari Rally imeisha saa chache zimepita. Toyota zimebeba namba moja, mbili, tatu na nne. Sisi pia tuko wanne, kwa Toyota, so kwa hesabu ya mbogi yangu ushindi ni wetu. Vumbi hadi kwa meno. Sauti zimekauka juu ya kupiga nduru. Barabara ya Maai Mahiu imejam, malori yanapanda mdogo mdogo, Subaru zinajipenyeza zikipasua egzosi kama fataki. Tumepita kale kakanisa ka Waitaliano, kale wafungwa wa vita walijenga 1942 wakichonga hii barabara. Kona mbili mbele, sindano ikaamka.

"Shosh ameanza," beste yangu akasema kutoka kiti ya nyuma. Hakuna mwenye alicheka.

Nikafungua heater. Full. Ndio, heater, na wasee wanne tayari tunatoa jasho. Heater inavuta moto kwa injini inauleta kwa magoti yenu. Magoti yakiungua, injini inapumua. Tukaungua kilomita moja hivi bila mtu kulalamika, juu kila mtu kwa hiyo ndai anajua sheria. Halafu mvuke ukaanza kutoka kando ya bonnet, mweupe, wa pole, kama chai ya kibanda asubuhi. Nikatoka kwa lami, nikazima. Shosh akakohoa mara mbili, akashuka chini, kimya.

Mteja.

Sasa kabla sijaendelea, lazima umjue Shosh. Ni Toyota Corolla DX. Kwa karatasi anaitwa KE70, model yenye ilitokea Japan 1979, na yeye mwenyewe ni wa 1985. Injini ni 4K, cc 1,290, kabureta, gia nne, anasukumwa na magurudumu ya nyuma. Amenizidi umri. Plate yake ni zile za kitambo, herufi tatu na namba tatu, hakuna herufi ya mwisho. KAA zilianza 1989, na by then Shosh alikuwa ashajua kila shimo ya Jogoo Road kwa jina. Rangi ni ile ya maziwa imekaa kwa jiko. Kwa viti za mbele, pale kichwa inalala, nimeweka vitambaa za kushonwa na uzi, zile za sitting room, na zimeshonwa na shosh wangu wa damu kule ocha. Usizicheke. Msee mwingine alizicheka, akashukishwa Donholm, akamalizia na mathree.

Nilimtoa kwa uwanja ya mzee mmoja Buru. Alikuwa chini ya mti miaka saba, kuku zinataga kwa kiti ya nyuma. Nilitoa 120K, doh safi ya kuuza njumu za mtumba, miaka mbili narauka saa kumi usiku kuwahi kufunguliwa kwa bale Gikomba. Siku nilimleta mtaani akivutwa na kamba, wazee wa drafti waliwacha vifuniko za soda kwa ubao wakasimama. Mkubwa wao akatikisa kichwa.

"Kijana, hiyo pesa si ni deposit ya ploti Joska?"

Hapo ndio ilianza. Niambie, wazee wa Nai na ploti Joska ni nini? Ukinunua simu, ploti Joska. Ukinunua viatu, ploti Joska. Ukipata mtoto, hongera, na ile ploti? Na cheki, hawa wasee wanazisifu hivo wako bado kwa single ya mawe hapa Umoja, nyuma ya butchery, wanadaiwa rent ya March. Joska yenyewe wanaijulia kwa bango. Sawa wazee. Nimeskia. Endeleeni na drafti.

Turudi Maai Mahiu.

Kitu ya kwanza ni matawi. Life saver tuko nazo mbili, tulizitoa, lakini tawi ndio lugha ya barabara ya Kenya. Beste yangu akapanda kidogo kwa kichaka, akavunja matawi matano, akayapanga kwa ukingo wa lami kutoka mbali hadi kwa bampa. Dere wa lori akiona tawi bichi limelala barabarani hangoji maelezo. Anajua mbele kuna mtu yuko kwa shida. Anahamia katikati, anapiga honi moja fupi. Ile honi inaitwa pole.

Kitu ya pili ni madaktari. Buda, kwa hii nchi ukifungua bonnet tu, Wakenya wanatokea kama umepiga kengele. Dakika tano tulikuwa na wagonjwa wanne na madaktari sita. Msee wa nduthi: "Ni plugs hizo." Mathe wa mahindi choma: "Hapana, hiyo ni gasket, ya mzee wangu ilifanya hivo hivo." Kijana wa kuchunga mbuzi, miaka kama tisa, ameshika fimbo, amekunja uso: "Ni fuel pump." Mimi nawapenda hawa watu. Hakuna mwenye aliitisha doh. Kila mtu ameweka mkono kwa kiuno anaangalia ndani ya Shosh kama anaangalia kisima.

Msee wa nduthi akavua sweta, akafunga mkono, anaenda kufungua kifuniko cha rejeta.

Nilishika huo mkono na nguvu zangu zote.

Skiza vizuri hapa, juu hii ni ngozi ya uso wako tunabongea. Pale juu ya escarpment umepita mita 2,000. Maji huko inachemka kwa digri kama 93, si ile 100 odijo alitufunza. Kile kifuniko kiko na springi inakandamiza maji ndani ya rejeta, na hiyo presha ndio inafanya maji ipite 100 bila kuchemka. Sasa fungua ghafla. Presha inatoka, maji yote inageuka mvuke mara moja, na inakuja kwa uso wako kabla ujue umefanya nini. Nimemwona msee Kariobangi Light akiwa na alama hadi kwa shingo. Kwa hivyo tunangoja. Mimi nabonyeza tu ile hosi ya juu na vidole. Ikiwa ngumu kama fimbo, presha bado iko. Ikilegea kama mkono wa mtoto amelala, sasa unaweza fungua, na bado unaweka kitambaa.

Tulingoja dakika arobaini. Na ni hizi dakika nataka kuziandika, hii kitu ingine yote ni mapambo.

Injini ya chuma ikipoa inabonga. Tik. Tik tik. Tik. Mwanzo inaenda haraka, halafu inaanza kuachana, kama mvua inaisha kwa mabati. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya Longonot. Bonde lote chini limegeuka rangi ya chapo. Mathe wa mahindi akatuletea mahindi nne akakataa balance, akasema gari ikilala hapa wageni ni wake. Subaru ikapunguza, dame akatoa simu dirishani anatushoot, wanacheka, wakapita. Wacha washoot. Tulikuwa tumeketi kwa bonnet ya kitu yetu wenyewe, tunakula mahindi, tunaangalia bonde yenye watu hupanda ndege kuja kuona. Wao waliiona kwa sekunde mbili kupitia kioo ya tint.

Halafu Subaru ingine ikasimama. Impreza ya blue, imeshuka chini hadi inakwaruza nyasi. Akashuka kijana wa rika yetu, ngepa nyuma, akafungua boot bila kuuliza swali. Mtungi wa lita tano ya coolant, na mwingine wa maji. Msee akibeba coolant kwa boot, jua pia yeye amewahi kulala barabarani. Tukaangaliana, tukagongana ngumi. Hatukuhitaji kubonga mingi. Nilimwambia tu Subaru ilibeba Safari 1997 na Colin McRae. Akaniambia Ian Duncan, Mkenya, aliibeba 1994 na Toyota Celica. Heshima imetembea pande zote mbili.

Mwenye alipata ugonjwa ni taniboi wa lori, alipita akining'inia kwa mlango. Hata hakusimama. "Cheki hosi ya chini!" Akapotea kwa kona.

Hosi ya chini. Imepasuka hapo karibu na clip, mpasuko wa ukucha tu. Nikalala chini ya Shosh na kisu ya kitchen, nikakata inchi moja ya ile sehemu mbovu, nikasukuma hosi nzima ndani tena, nikafunga clip. Tukawasha. Ukijaza rejeta ya ndai imechemka, hakikisha injini inanguruma, na unamwaga kidogo kidogo. Ukiitupia maji baridi mtungi mzima, chuma moto inapasuka, na hapo kwaheri. Shosh alimeza lita nne. Alipomaliza, sindano ikapanda, ikafika katikati, ikasimama hapo kama askari wa benki.

Mathe wa mahindi alipiga makofi. Yule kijana wa mbuzi akasema, "Si nilisema."

Sasa unaelewa kwa nini siwezi uza? Cheki, beste yangu mmoja ako na ndai mpya mpya. Mpya ya Kenya, si unajua, imetumika huko Japan ikaletwa hapa ikiwa na miaka saba na nusu. Ni poa, sikatai. Kiti inakumbatia, kioo inaongea. Siku moja ilimzimikia Outer Ring. Tukafungua bonnet. Plastiki nyeusi, imefunika kila kitu, imeandikwa jina ya kampuni. Hakuna mahali pa kuweka mkono. Tukasimama hapo kama tumekataliwa mlangoni. Breakdown ikaja ikambeba, garage wakachomeka kompyuta, kompyuta ikasema gearbox, gearbox ikasema laki moja na nusu. Na hadi leo beste yangu hajui ilikuwa na shida gani. Alilipa, akarudishiwa funguo. Yeye na ndai yake hawajuani.

Mimi na Shosh tunajuana. Akipiga kelele ya tiki-tiki asubuhi, ni valvu zinataka kurekebishwa. Akivuta kushoto nikishika breki, ni silinda ya gurudumu imeanza kuvuja. Akinuka petrol nikipanda kilima, ni floti ya kabureta imekwama, na dawa ni kugonga kabureta na mpini wa bisibisi, mara mbili, pole, hapo kando. Hii sikusoma mahali. Alinifunza yeye, moja baada ya ingine, kila moja kando ya barabara. Mzee pekee mimi huskiza kwa hii maisha ni Shosh.

Na ya pointi lazima nikuambie.

Ilikuwa mvua, saa moja usiku, Jogoo Road, karibu na City Stadium. Nimembeba dame, mresh kabisa, date ya pili, amevaa white. Shosh akakohoa, akazima. Mathree nyuma zinapiga honi kama harusi. Makanga mmoja akatoa kichwa, "Peleka hiyo museum!" Wasee wengi hapo wangekufa na aibu. Wangejifanya wanabonga na simu, wangeitisha teksi ya app. Mimi niliangalia dame, nikamwambia, "Shika torch."

Ndani ya distributa kuna vijiti viwili vya chuma, kila kimoja kama punje ya mchele. Ndio hizo pointi. Zinafunguka na kufungana mara mbili kwa kila mzunguko wa injini, na kila zikifunguka plagi moja inapiga cheche. Kwa 4K cheche inaenda silinda ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili, halafu tena. Nafasi kati ya hizo punje inafaa kuwa milimita 0.45. Ikiingia unyevu ama zikiungua kidogo, gari mzima, kilo karibu mia tisa za chuma, inakuwa mteja. Nikafungua kifuniko, nikapanguza maji na t-shirt yangu, nikachana kibiriti, nikachukua ule upande wa kuwashia, nikasugua pointi mara kumi. Ukikosa kifaa ya kupima nafasi, blade ya msumeno wa chuma inakusaidia. Mimi hubeba moja kwa ashtray.

Dame ameinama kabisa, mvua inamteremka kwa pua, torch haitikisiki. Akauliza, "Hii kitu ndogo hivi?"

"Hiyo."

"Naweza sugua?"

Akasugua. Nikafunga, nikapiga stata. Shosh akashika mara ya kwanza. Yule dame alipiga nduru City Stadium yote ikaskia, na ile white yake ilikuwa na grease hadi kwa bega. Saa hii ako na feeler gauge yake mwenyewe kwa handbag. Ananitumia voice note kila akiskia DX imepita kwao South B: "Hiyo timing iko mbali." Na huwa iko mbali kweli.

Wazee wa drafti, kuna matibabu yao pia. Wacha niziseme, juu ziko na madhara na kuna mtoto wa mtu ataziskiza. Rejeta ikivuja, wanakuambia vunjia yai ndani, ute utaziba. Itaziba, ndio. Itaziba tundu na itaziba rejeta nzima, wiki ijayo unachemka hapo Nyayo roundabout unanuka omelette. Gari ikichemka, wanakuambia toa thermostat utupe. Yaani kale kamlango kenye kanangoja maji ifike kama digri 82 ndio kafungue, wewe utupe. Sasa injini inakaa baridi, inakula petrol kama mjomba wa harusi, oil haipati moto wa kutosha, na siku ukipanda Limuru bado utachemka, juu shida ilikuwa feni. Kila ndai ya kitambo nimefungua haina thermostat. Kila moja! Kizazi kizima cha wazee kimezitupa. Zingerudishwa zote siku moja, petrol ya hii nchi ingebaki. Na unajua venye tunaishi, kila tarehe 14 EPRA wanatangaza bei na mtaa wote unashika roho. 2023 hiyo hiyo petrol ilipita 200.

Halafu kuna fathe. Fathe anasema rally ya kweli iliisha na Shekhar Mehta. Sawa, Mehta aliibeba mara tano, 1973, halafu 1979 hadi 1982 mfululizo. Hiyo heshima natoa nikiwa nimesimama. Lakini alikuwa kwa Datsun, na fathe anaibonga kama alikuwa kwa kiti ya navigator. Ukimwambia tangu WRC irudi Kenya 2021 Toyota imechukua kila mwaka hadi 2025, anasema hizo si gari, ni kompyuta. Halafu anauliza nitauza lini hiyo takataka. Ile ploti bado iko, ameongea na agent.

Kitu mnafaa kujua, na hii ndio inaniuma kwa roho: hakuna DX ingine inakuja. KEBS wako na standard, KS 1515, inasema gari yenye imepita miaka minane haiingii Kenya. So zile ziko ndio zile ziko. Kila ikipelekwa kwa wasee wa kukata chuma pale Gikomba, ikigawanywa na gesi, imepungua moja kwa dunia yetu na haitajazwa. Nimesimama hapo nikaona mlango wa DX umetupwa juu ya rundo, kioo bado iko, stika ya shule ya mtoto bado iko. Niliununua. Sikuwa na haja na mlango. Uko kwa keja, nyuma ya kitanda.

Na trend imetupata, mwisho. Miaka tano iliyopita ukitaja DX watu wanaona teksi ya kupeleka kuku. Saa hii madogo wameangalia drift za Japan, wamejua AE86 na KE70 ni ukoo mmoja wa Corolla na zote zinasukuma na nyuma, basi bei imepanda mti. Lensi ya taa ya nyuma, plastiki nyekundu tu, Kirinyaga Road mtu anakuangalia kwa macho anasema 6K. Grill yenye haijavunjika meno, 9K. Kabureta safi, msee anaitoa chini ya kaunta imefungwa na gazeti kama ni dhahabu. Sijamlaumu, yeye pia anajua hazirudi. Bargain na heshima, kunywa soda yake, uliza mgongo wake unaendeleaje, 9K inakuwa 7.

Lakini madogo wengine wanatuchomea picha. Kukata springi na grinder ndio ndai ikae chini: hapana. Umeua shoki, umeua tairi, na sasa bump ya estate unaivuka kwa diagonal kama kaa. Spoiler ya gari ingine kubwa kwa DX: hapana, kwani unaruka? Kupaka matte black na spray za mkono: naomba usitumie hiyo barabara nikiwa hapo. DX inataka rim zake za inchi 13, zimeoshwa. Inataka kioo safi na chrome imepigwa na gazeti na maji ya ndimu. Kila September pale Ngong Racecourse kuna Concours d'Elegance, ilianza 1970, na majaji huko wanaingia hadi chini ya gari na kitambaa nyeupe. Nilienda kuangalia. Niliona 504 imesimama hapo inang'aa kama viatu za bwana harusi, mwenyewe anaipanguza sikio la kioo na kidole. Nikajua huyo ni mtu wetu. Shosh ataingia hapo. Bado rangi, bado carpet, bado hiyo lensi.

Tulifika Nai saa nne usiku hiyo Sunday. Kangemi imewaka taa, sindano katikati, heater bado inavuja moto kwa magoti, na hakuna mtu alitaka kushuka. Tulizunguka roundabout ya Museum Hill mara mbili bila sababu. Nikampaki Shosh mahali pake, chini ya stima, mbele ya ubao wa drafti. Injini ikaanza tena. Tik. Tik tik. Tik. Tukakaa ndani na taa zimezimwa hadi ikanyamaza.

Sasa skiza. Hosi mpya ya chini nimepata, thermostat nimerudisha, kifuniko cha rejeta ni kipya. Kimebaki kitu kimoja tu. Ukiwa na lensi ya taa ya nyuma ya DX, upande wa kushoto, ya saloon na si ya station wagon, haijapasuka na haijafifia, nicheki base hapa Umoja jioni yoyote. Nalipa cash. Ukiwa na ploti, pita hapo kwa drafti, wazee wako.